MV Bukoba na Wajibu wa Mhandisi

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya abiria MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria ikiwa imeikaribia Mwanza. Ilikuwa imetoka Bukoba na kupakia abiria wengine bandari ya Kemondo. Uwezo wake ulikuwa watu 430. Waliokufa walikuwa mamia kwa mamia, na hesabu bado inabishaniwa, kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuorodheshwa.

Meli haikuzama papo hapo. Ilielea kifudifudi, na watu wakasikika wakigonga kutoka ndani. Ukapitishwa uamuzi wa kutoboa chuma ili watolewe. Kumbe hewa iliyonaswa humo ndiyo iliyokuwa ikiizuia meli isizame. Tundu lilipopatikana, hewa ilitoka, maji yakajaa, na meli ikaenda chini na waliokuwa wakigonga. Kanuni ya jambo hili hufundishwa sekondari.

Sheria nayo haikukosekana: ile ya kusajili wahandisi ilikuwapo tangu 1968, wakati chuo kikuu cha Dar es Salaam hakijawa hata na kitivo cha uhandisi, kilichoanza 1973. Mwaka mmoja baada ya ajali ikatungwa sheria mpya, Namba 15 ya 1997, inayoongoza Bodi ya Usajili wa Wahandisi hadi leo. Mwaka 2003 Bodi ikaanzisha mpango wa mafunzo kazini wa miaka mitatu, ili mhitimu akomae chini ya wahandisi wazoefu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu.

Naziheshimu hatua hizo. Hata hivyo, kukokotoa uzito wa shehena ni kazi moja, na kumkatalia bosi gatini, meli iliyozidiwa isiondoke, huku abiria wanapiga kelele ni nyingine kabisa. Hiyo ya pili tunaifundisha wapi?

Maafa yalijirudia ziwani humo: tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Walikufa zaidi ya 220. Mhandisi wake alitolewa hai siku mbili baadaye. Alipona kwa hewa iliyobaki ndani ya chombo.

Kwingineko ziwani, tangu Juni 2025, msafiri wa kutoka Mwanza kwenda Geita anavuka kwa gari, juu ya daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3. Watu wa Ukara wangali wanapanda kivuko.

Ajali ya MV Bukoba ningependa ifundishwe mwaka wa kwanza wa uhandisi, na mwanafunzi aulizwe nani, pale Kemondo, alikuwa na mamlaka ya kuizuia meli isiondoke.