Chama cha Siku 102

Tarehe 16 Septemba 2007 Rais Mwai Kibaki wa Kenya alitangaza kwamba angetetea kiti chake kwa tiketi ya PNU, chama ambacho kilikuwa hakijawahi kuonekana kwenye karatasi ya kura. Uchaguzi ulikuwa Desemba 27.

Hakuwa na njia nyingine. Katiba ya wakati huo haikumruhusu mgombea huru kuwania urais, na NARC, muungano uliomwingiza Ikulu mwaka 2002, ulikuwa umesambaratika. Kundi la Raila Odinga liliondolewa serikalini baada ya Kibaki kushindwa katika kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005, ambapo ndizi ilikuwa alama ya “ndiyo” na chungwa ya “hapana”. NARC yenyewe ilibaki chini ya Charity Ngilu, na Oktoba 2007 Ngilu alijiunga na kampeni ya Raila, akafutwa uwaziri wa afya.

Kwa hiyo PNU ikawa mwavuli. Chini yake waliingia Musikari Kombo wa Ford-Kenya, Simeon Nyachae wa Ford-People, watu wa NARC-Kenya, DP na Shirikisho, na hata KANU ya Uhuru Kenyatta, mtu yuleyule aliyebwagwa na Kibaki miaka mitano nyuma.

Kuhusu urais walielewana upesi. Viti vya ubunge ndivyo vilivyowashinda. Hakuna kinara aliyekubali chama chake kife, kwa hiyo katika maeneo mengi mgombea wa PNU alipambana na wa KANU, wa DP au wa Safina, na kila mmoja akihubiri “Kibaki Tena”. Mpigakura aliyempenda Rais alijikuta na wagombea ubunge watatu wanne wa kuchagua, wote wakidai ni wa Rais. ODM, chama cha Raila, haikuwa na mkanganyiko huo: chungwa lilikuwa alama moja, iliyozoeleka tangu 2005.

Matokeo ya ubunge yalikuwa makali: ODM viti 99, PNU 43. Makamu wa Rais Moody Awori aliangushwa Funyula. Kombo na Nyachae nao wakapoteza viti vyao.

Desemba 30 Kibaki alitangazwa mshindi wa urais na kuapishwa jioni hiyohiyo. Matokeo hayo yalipingwa vikali, na katika ghasia zilizofuata zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Pengo la viti lilionekana Bunge lilipokutana Januari 15, 2008: wabunge wa serikali walitaka Francis ole Kaparo abaki Spika. Katika duru ya tatu Kenneth Marende wa ODM alimshinda kwa kura 105 dhidi ya 101.