Tawi la Msipresi: Mti wa Noeli Masisi na Walikale

Kila Desemba inapokaribia, magazeti ya Ulaya na Marekani hurudia mjadala uleule: familia inunue mti wa Krismasi uliokatwa shambani, au ule wa plastiki unaokunjwa na kurudishwa sandukuni hadi mwaka ujao? Wanaotetea mti hai hutaja harufu, desturi, na jinsi unavyooza na kurudi ardhini. Wanaotetea plastiki hutaja msitu, gharama na usafi wa sebule. Mjadala huo umefika Goma pamoja na bidhaa zenyewe, na kutoka Goma umepanda milima ya Masisi na kuteremka hadi mabonde ya Walikale. Ukichukuliwa kama ulivyo, hata hivyo, unapotosha mambo. Huku Kivu ya Kaskazini mti tunaouita hai nao ulikuja na wageni, na unaoingia nyumbani mara nyingi ni tawi tu, shina likiachwa limesimama. Hoja yangu ni kwamba desturi hii ya tawi, iliyozaliwa na historia ya ardhi ya Masisi, inastahili kutetewa dhidi ya plastiki, na kwamba itatetewa vizuri zaidi tukikubali tangu mwanzo kuwa haikutoka kwa mababu.

Masisi ni nchi ya mwinuko. Sehemu yake kubwa iko juu ya mita 1,500, na vilele vyake vinapita mita 2,000. Kabla ya utawala wa Wabelgiji, Wahunde walilima na kuwinda kandokando ya msitu wa mlima wenye mianzi, miti migumu na Podocarpus, mti wa asili wa milima ya Afrika ambao kwa ukoo ni jamaa ya misonobari. Msipresi haukuwemo. Aina iliyoenea kwetu, Cupressus lusitanica, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Jina lake la kisayansi linaitaja Ureno kwa kuwa huko ndiko wataalamu wa Ulaya walikouona ukipandwa. Uliingia katika milima yetu wakati wa ukoloni, sawa na mikaratusi kutoka Australia, na miwati vilevile. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, ikapewa mamlaka ya kuwagawia walowezi ardhi, na mashamba ya kahawa, chai, pareto na kwinini yakafuata. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni iliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaweka Gishari na sehemu nyingine za Masisi, jambo ambalo madhara yake ya kisiasa bado tunayaishi. Watu walipoongezeka na mashamba kupanuka, msitu ulirudi nyuma, kuni zikawa mbali, na miti inayokua haraka ikachukua nafasi: mikaratusi kwa kuni, nguzo na mbao, miwati kwa magome na makala, misipresi kwa kukinga upepo na kuzungushia nyumba, misheni na shule.

Inafaa kuutazama mti wenyewe kwa karibu, maana desturi imefuata tabia yake. Mkaratusi ukikatwa chini huchipua tena kutoka kwenye kisiki, na ndiyo maana mkulima anaweza kuuvuna mara kadhaa bila kupanda upya. Msipresi hauna uwezo huo: ukiukata shina, umekwisha. Lakini unavumilia sana kupunguzwa. Matawi mabichi ya kando yakikatwa, uzio unajaza pengo na kuwa mzito zaidi, na mwenye uzio wa msipresi hulazimika kuupunguza hata kama hana sikukuu yoyote ya kuadhimisha. Tawi la Noeli, basi, ni sehemu ya kazi ambayo ingefanyika tu. Linasimamishwa katika ndoo au kopo la rangi lililojazwa kokoto nyeusi za lava, linapambwa kwa vipande vya pamba, karatasi za rangi na maputo, na baada ya wiki mbili, likiwa limeanza kukauka, linakwenda jikoni. Majani yake makavu yana mafuta, na huwasha moto haraka kuliko gazeti. (Wanaocheka ile pamba kwa kuwa eti ni theluji ya kuigiza wakumbuke kwamba mkoa huu una theluji yake ya kweli huko kaskazini, kwenye Ruwenzori.)

Desturi yenyewe haina umri mkubwa hata kwa waliotuletea. Maandishi ya Strasbourg ya mwaka 1605 yanaeleza miti iliyopambwa kwa karatasi na matunda ndani ya nyumba. Waingereza wengi waliufahamu mti wa Krismasi baada ya 1848, gazeti la Illustrated London News lilipochapisha picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, Mjerumani, wakiwa mbele ya mti wao. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa desturi ya Waprotestanti. Kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro huko Vatikani, mti wa kwanza ulisimamishwa mwaka 1982 tu, chini ya Papa Yohane Paulo II. Tarehe hiyo ina maana kwetu. Mapadre Weupe waliohubiri milimani Kivu walileta kwanza pango: sanamu za Yosefu, Maria na Mtoto, nyasi, majani ya migomba. Mti uliingia kwa mlango wa nyuma, kupitia nyumba za walowezi na sebule za walimu na makarani, ukasimama kando ya pango bila kuliondoa.

Walikale mambo yalikwenda njia nyingine. Hiyo ndiyo teritori kubwa kuliko zote za mkoa, kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu yake kubwa ni msitu wa mvua wa bondeni, nchi ya Wanyanga. Msipresi hupenda baridi ya milimani. Katika joto na unyevu wa Walikale hauna nafasi ya maana. Kinachopamba kanisa huko ni makuti ya michikichi na mirafia: tao mlangoni, makuti yaliyosukwa kwenye nguzo, mapambo yaleyale ya Jumapili ya Matawi na ya kumpokea askofu. Nayo yanapatikana bila kuua kitu, kwa sababu anayepanda mchikichi kukata mkungu hulazimika kuondoa makuti ya chini ili aufikie. Nchi ya juu ina tawi la uzio na nchi ya chini ina makuti ya mavuno. Jamii mbili za mazingira tofauti kabisa zilifikia suluhisho moja bila kuagizwa na yeyote: pambo la sikukuu litoke katika kazi ya kawaida ya shamba.

Uimara wa utaratibu huo ulipimwa mwaka 1974. Mobutu alikuwa tayari amepiga marufuku majina ya Kikristo, na mwaka huo serikali yake ilifuta Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama nyingine, na alama za dini zikaondolewa katika majengo ya umma ili picha ya kiongozi ibaki peke yake. Serikali inaweza kufunga ofisi au kuzifungua. Inaweza pia kuzuia bidhaa mpakani. Kuzuia tawi lisitoke kwenye uzio hadi sebuleni ni jambo jingine, na sidhani kuna sababu nyepesi kuliko hiyo ya kueleza kwa nini sikukuu inayotegemea majani ya uwanjani haikuhitaji kufufuliwa marufuku ilipopoteza nguvu.

Mti wa bandia nao una historia yenye heshima, na ni haki kuitaja. Wajerumani wa karne ya 19 walitengeneza miti kwa manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani, na sababu mojawapo ilikuwa hofu ya kumaliza misonobari midogo kwa kukata ncha zake. Plastiki ilikuja baadaye, na leo sehemu kubwa ya miti hiyo hutengenezwa China. Ili mmoja ufike kwetu unapita baharini, kisha bandari ya Mombasa, kisha barabara ya Uganda au Rwanda, ndipo uingie Goma. Kutoka hapo hadi Masisi ni barabara ya Sake, ambayo mvua huigeuza tope na vita huifunga. Kwenda Walikale ni shida zaidi: kwa miaka mingi ndege zilitua Kilambo juu ya lami ya barabara yenyewe, zikishusha bidhaa za dukani na kupakia kasiteriti (madini ya bati) iliyobebwa kwa miguu kutoka mgodi wa Bisie. Bei ya kitu chochote kilichopita njia hiyo inajieleza.

Pingamizi la kwanza dhidi yangu ni la msitu, na anayelitoa ana nia njema: nchi inayopoteza miti kwa kasi haifai kukata hata mmoja kwa ajili ya mapambo. Nakubaliana naye kuhusu shina. Mche wa msipresi uliokatwa chini kwa ajili ya wiki mbili ni hasara tupu, na wanaouza miche ya namna hiyo kando ya barabara wanapaswa kukatazwa na mapadre na wachungaji wao. Tawi, hata hivyo, halimo katika hesabu ya uharibifu. Msitu wa Kivu unaliwa na makala, mbao, mashamba na malisho, na zaidi ya yote na vita. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipopiga kambi Mugunga, Kibumba na kwingineko pembeni mwa Hifadhi ya Virunga, mamia ya tani za kuni zilitoka hifadhini kila siku, na mwaka huohuo UNESCO iliiweka Virunga katika orodha ya urithi ulio hatarini. Dawa iliyopendekezwa haikuwa kuacha kukata miti. Mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF, ulioanza 2007, uliwahimiza wakulima wadogo wanaoizunguka hifadhi kupanda miti yao wenyewe ili makala yatoke shambani. Mti uliopandwa ili utumiwe ndio unaoulinda ule wa asili, na uzio wa msipresi uko upande huo.

Pingamizi la pili ni la uimara: plastiki hununuliwa mara moja. Mwaka 2009 kampuni ya Ellipsos ya Montreal ilichunguza suala hili na kukuta kwamba mti wa bandia unahitaji kutumiwa zaidi ya miaka 20 ndipo ulingane na mti hai kwa madhara ya tabianchi. Miaka 20! Tangu mauaji yaanze sokoni Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993 na kusambaa Masisi, ni familia ngapi za huku zimekaa miaka 20 mfululizo katika nyumba moja? Watu wa Masisi waliojazana Bulengo na kambi nyingine za Goma walibeba watoto, magodoro na sufuria, na kambi hizo zilipovunjwa Februari 2025 walilazimika kufunga mizigo tena. Mti wa sandukuni haumo katika mzigo wa namna hiyo. Ukivunjika haurekebishiki, ukichomwa unatoa moshi wenye sumu, na mahali pa kuzika plastiki hatuna. Takataka za Ziwa Kivu zinazoziba mitambo ya bwawa la Ruzizi ni ushahidi wa kutosha.

Wapo wanaosema pia kwamba msipresi ni mti wa mkoloni, basi kuutetea ni kutetea ugeni dhidi ya ugeni. Maharagwe, mahindi na viazi vya Masisi navyo vilitoka Amerika, na hakuna anayevikataa mezani. Hoja nzito zaidi kuhusu mti huo ni ya kilimo: uzio wa aina moja ni rahisi kuangamia. Mdudu mafuta wa msipresi, aliyeonekana Malawi mwaka 1986 na Kenya mwaka 1990, alikausha misipresi katika nchi nyingi za eneo hili. Ni sababu ya kuchanganya miti ya uzio, na Podocarpus ingepewa nafasi yake humo.

Pingamizi linalonipa shida kweli ni la ardhi. Nimesema tawi ni la bure, lakini ni la bure kwa mwenye uzio. Baada ya sheria ya ardhi ya 1973 na kutaifishwa kwa mashamba ya wageni mwaka huohuo, sehemu kubwa ya milima ya Masisi iliingia mikononi mwa wachache wenye uhusiano na utawala, ikawa malisho ya ng'ombe yaliyozungushiwa waya. Kibarua anayeishi pembeni ya malisho hayo hana mti, na akikata tawi la tajiri anaweza kuitwa mwizi. Siwezi kulijibu hilo kwa kusifu desturi. Ninachoweza kusema ni kwamba plastiki haimpi kibarua huyo chochote, kwa sababu asiye na uzio hana pia pesa ya duka la Goma. Uzio wa parokia, wa shule na wa kituo cha afya unaweza kumpa. Huo hupunguzwa kila mwaka, na matawi yake yakipangwa mlangoni mwa kanisa Jumapili ya nne ya Majilio kila kaya inaweza kuondoka na moja. Parokia nyingi za Masisi zimepoteza nyua zao katika vita, zikageuzwa kuni na askari na wakimbizi wa kila upande. Miche ya msipresi hukua vizuri kutokana na mbegu, na ikipandwa kwa nafasi ya mita moja, uzio huanza kukatika matawi baada ya miaka michache.