Kinga ya moyo imo katika chungu cha Wasamia

MKAZI wa Funyula anayetaka kuulinda moyo wake hana haja ya kusaka vyakula vya bei ghali katika maduka makubwa ya Nairobi au Kampala. Vyakula vingi ambavyo wataalamu wa lishe huvipigia debe hulimwa au kuvuliwa papo hapo, baina ya milima ya Samia na Ziwa Victoria. Tatizo ni kwamba vyakula hivyo vinazidi kuzipisha chipsi, chapati na samaki wa kukaangwa, hasa kadiri mtu anavyosogea kuelekea miji ya mpakani ya Busia na Malaba.

Shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha, ndicho chanzo kikuu cha kiharusi, na pia huchangia pakubwa maradhi ya moyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulibaini kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na kwamba asilimia 56 ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Maradhi haya hayaumi. Mtu hulima, huvua na kubeba mizigo mpakani kwa miaka mingi hadi siku anapoanguka, upande mmoja wa mwili ukiwa umepooza. Shamba la kusomeshea watoto huuzwa ili kumtibu.

Hali haikuwa hivi tangu jadi. Mnamo 1929, daktari Mwingereza C. P. Donnison aliandika katika jarida la Lancet kwamba katika kipindi cha miaka miwili hospitalini South Kavirondo, magharibi mwa Kenya, hakuona mgonjwa hata mmoja wa presha. Hata tukikubali kwamba baadhi ya wagonjwa wa aina hiyo hawakufika hospitalini, tofauti na hali ya leo ni kubwa mno.

Nini kilibadilika? Jibu lililo karibu zaidi na Funyula lilitoka kwa majirani wao Waluo. Katika miaka ya 1980, watafiti waliwafuatilia watu waliohama kutoka vijiji vya ufuo wa kaskazini wa Ziwa Victoria kwenda kuishi Nairobi, wakiwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka wa 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza, yalionyesha kuwa presha ya wahamiaji ilipanda muda mfupi tu baada ya kuhama. Uzani wao nao uliongezeka. Mikojo yao ilikuwa na sodiamu nyingi na potasiamu chache ikilinganishwa na ya waliobaki kijijini.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Sodiamu, ambayo huingia mwilini hasa kupitia chumvi, huzuia maji mwilini na kuulazimu moyo kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Potasiamu husaidia figo kuiondoa sodiamu hiyo na kuilegeza mishipa. Mwanakijiji aliyehamia jijini hakuzidisha chumvi tu; alipoteza pia mboga, ndizi, viazi vitamu na kunde, vyakula vyenye potasiamu tele. Nchini China, majaribio yaliyohusisha watu 20,995 katika vijiji 600 yalionyesha mwaka wa 2021 kwamba kubadilisha robo ya chumvi ya kawaida kwa chumvi ya potasiamu kulipunguza visa vya kiharusi kwa asilimia 14.

Tuangalie basi chungu cha Wasamia. Ugali wa mtama au wimbi uliosagwa bila kukobolewa una nyuzinyuzi ambazo husaidia kupunguza lehemu katika damu. Unga mweupe wa mahindi uliokobolewa umepoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo. Muhogo unaochanganywa na mtama hushibisha, lakini hauhesabiwi kuwa mboga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na hapa mrenda, kunde, mnavu, sageti na mito hazina upinzani. Mboga hizo zikiungwa kwa njugu au simsim zilizopondwa, mlaji hupata mafuta yasiyodhuru moyo.

Jambo moja halijapewa uzito unaostahili. Mabibi zetu walilainisha mboga kwa maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya maharagwe, ambayo Waluhya wengi huyaita musherekha. Majivu ya mimea yana potasiamu kwa wingi. Magadi yaliyochukua nafasi yake ni sodiamu. Mpishi anayedhani amerahisisha kazi tu amebadilisha pia kemia ya mboga zake.

Kuhusu samaki, ziwa limewabariki wenyeji. Omena, ngege na mbuta wana mafuta ya omega-3, na kula samaki mara mbili kwa wiki kunatosha. Ila samaki huyo achemshwe au atiwe kwenye mchuzi. Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kupelekwa viwandani, hukaangwa katika mafuta yanayorudiwa mara nyingi. Mafuta ya kuganda nayo hupandisha lehemu mbaya. Ya maji yanayotokana na alizeti yana nafuu, mradi yawe kidogo. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi aloweshwe, na maji hayo yamwagwe.

Dereva wa lori anayesubiri kuvuka Malaba hana jiko. Chaguo lake ni chipsi, au ile chapati ya kukunjwa na mayai ambayo Waganda wameibatiza rolex. Hata hivyo, vibanda hivyo hivyo huuza maharagwe, ndizi na parachichi. Aepuke kunyunyiza chumvi mezani, kwani kiwango cha siku nzima kisizidi gramu tano, takriban kijiko kimoja cha chai, zikiwemo zilizofichika katika mkate na viungo vya mchuzi vya pakiti.

Wanaodai kuwa mboga za kienyeji ni chakula cha maskini wanafaa kujua kwamba mradi wa kimataifa wa bayoanuwai ya chakula na lishe, ulioanza mwaka wa 2012 katika nchi nne, uliichagua Busia kuwa eneo lake nchini Kenya na kuwaunganisha wakulima wa mboga hizo na shule.

Mwenye maradhi ya figo asizidishe potasiamu, wala asitumie chumvi ya aina hiyo, kabla ya kushauriana na daktari, kwani figo dhaifu hushindwa kuitoa na moyo huweza kusimama. Naye aliyekwisha kuandikiwa dawa za presha aendelee kuzimeza hata kama vipimo vimeshuka, hadi daktari atakapoamua vinginevyo.