Sauti ya valvu katika simu ya mkononi

MLIO wa kinanda cha umeme si mgeni kwa wapenzi wa taarab ya Mombasa. Umesikika kwa miaka mingi katika harusi za Mji wa Kale, na mwaka wa 1990 albamu ya 'Mombasa Wedding Special' ya kundi la Maulidi Juma ilitolewa Uingereza.

Siku hizi kinanda huweza kupigwa hata kwenye simu. Kinachokosekana mara nyingi ni ule unene wa sauti ya valvu, kitaa cha kioo kilichobuniwa na John Ambrose Fleming mwaka wa 1904 na kutumiwa katika redio za zamani, vikuza sauti na ogani za Hammond.

Valvu ikizidiwa, aghalabu haikati sauti ghafla. Huibana taratibu na kuongeza milio midogo inayoambatana na noti. Programu za simu huiga tabia hiyo kwa hesabu.

Anayeutaka mlio huo achague programu yenye ogani na kidhibiti cha mkwaruzo. Apandishe mkwaruzo kidogo tu, kisha apunguze sauti kali za juu. Akizidisha, noti zinazopigwa pamoja zitavurugana na kumfunika mwimbaji, ilhali katika taarab maneno ndiyo roho ya wimbo.

Hatimaye, aunganishe simu na spika kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti, na kinanda kitabaki nyuma ya ngoma mbele ya wageni.