Uhamisho wa Askofu Mkuu Kataliko na Furaha ya Wateswao

Njia kuu itokayo Butembo kwenda Beni, mashariki ya Kongo, hupita Kalunguta, katikati ya migomba na mashamba ya Wanande, na aipitaye leo, awe mchuuzi au mwalimu arudiye nyumbani, aghalabu huipita akiwa na dua moyoni, kwa kuwa amekwisha kusikia habari za waliotoka kwao asubuhi wasirudi jioni. Walakini katika nchi hiyohiyo makanisa hujaa kila Jumapili, na nyimbo huimbwa kwa furaha ambayo mgeni huistaajabia, akauliza imetoka wapi. Jawabu lake limo katika tarikhi ya watu hawa, na hasa katika miezi saba ya mwaka 2000.

Wamisionari wa shirika la Assomption walifika pande hizi mwaka 1929, na baada ya miaka 30 likasimikwa jimbo la Beni, ndilo tulijualo leo kwa jina la Butembo-Beni. Mwaka 1966 likapata askofu mzaliwa wa nchi yenyewe, Emmanuel Kataliko, aliyelichunga kwa miaka 31, akishughulika na barabara na shule kama alivyoshughulika na sakramenti. Na mwaka 1989 akaanzisha mjini Butembo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, ili vijana wa milimani wasikose elimu kwa sababu ya umbali.

Mwaka 1997 alihamishiwa Bukavu, akakalia kiti kilichoachwa wazi na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996. Basi gharama ya kiti hicho aliijua kabla ya kukikalia. Vita vya mwaka 1998 vikautia mji mikononi mwa waasi wa RCD walioungwa mkono na Rwanda, naye katika waraka wake wa Noeli ya mwaka 1999 akaikemea waziwazi dhuluma ya wageni waliopora mali ya nchi na ya ndugu wenyeji waliowasaidia, wala hakulisaza Kanisa lake mwenyewe, bali alilitaka nalo lijichunguze. Tarehe 12 Februari 2000 watawala hao wakamzuia asirudi jimboni mwake, na akapelekwa Butembo uhamishoni.

Hapa ndipo penye ibra. Tangu zamani, dola imhamishapo mtu hukusudia kumtenga na masikio yamsikiayo, ili neno lake lipotee kama mbegu iliyoangukia jiwe. Lakini huyu alipelekwa kwa watu aliowapa kipaimara wao na watoto wao, nao wakampokea kama baba arudiye nyumbani. Kutoka huko akawaandikia waumini wa Bukavu barua za kuwaimarisha wasikate tamaa wala wasiziachie nyoyo zao chuki, na wao hawakukoma kudai arudishwe. Amri iliyokusudiwa kumnyamazisha ikawa sababu ya neno lake kusomwa hata pale ambapo sauti yake isingefika. Alirejea Bukavu tarehe 14 Septemba 2000, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, akalakiwa kwa shangwe. Na tarehe 4 Oktoba, siku 20 tu baadaye, akafariki karibu na Roma.

Apimaye maisha kwa urefu wa siku ataona katika habari hii hasara tupu. Lakini Matendo ya Mitume husimulia kwamba mitume, baada ya kuchapwa viboko, walitoka barazani wakifurahi, na wako wanaodhani kwamba dini hii huwafundisha watu kuyapenda maumivu. Kataliko hakuyapenda, wala hakuyatafuta. Furaha yake ilitokana na kulijua jambo alilodhulumiwa kwa ajili yake, ambalo lilikuwa haki ya maskini waliokuwa wakiporwa, na kwa kuwa lilikuwa kubwa kuliko nafsi yake, mtesi hakuwa na uwezo wa kumnyang'anya. Ateswaye bila kujua sababu hubaki na uchungu peke yake; aijuaye sababu, na akairidhia, ana wenzake hata akiwa mbali nao.

Waliomfuata wamethibitisha hayo. Padri Vincent Machozi, aliyekuwa akizitangaza ulimwenguni habari za mauaji ya Beni na Lubero, aliuawa Vitungwe-Isale, karibu na Butembo, usiku wa Jumapili ya Matawi, tarehe 20 Machi 2016, alipokuwa amekwenda kwenye mkutano wa amani. Sista Marie-Sylvie Vakatsuraki, mtawa na tabibu, aliuawa Oktoba 2022 huko Maboya, kwenye njia hiihii ya Butembo na Beni, hospitali ilipovamiwa na kuchomwa moto. Wala dhiki hii haikuwachagua Wakristo peke yao: Sheikh Ali Amini, aliyewakemea wauaji wa Beni na Lubero katika mahubiri yake, alipigwa risasi msikitini mjini Beni tarehe 1 Mei 2021. Wote hao walikutwa kazini, na kazi zenyewe, za kusema kweli, kuuguza na kuhubiri, zimeshikwa na wengine.

Tusiwasifu kwa maneno mazuri kisha tukaizoea damu yao kana kwamba ni ada ya nchi, kwa maana furaha ya ateswaye haimwondolei mtesi hatia yake, wala haimwondolei mtazamaji wajibu wake. Usiku wa tarehe 19 Oktoba 2012 mapadri watatu, Jean-Pierre Ndulani, Edmond Bamutute na Anselme Wasukundi, walitekwa nyara parokiani Mbau, kaskazini ya Beni, na hawajarudi. Basi, ewe msomaji, uwapo katika sala yako Jumapili ijayo, wataje kwa majina yao, na ukikutana na mwenye mamlaka, muulize habari zao.