Vitamini na kinga ya saratani ya matiti

Majaribio ya vitamini dhidi ya saratani ya matiti ni tafiti ambamo wanawake wazima wa afya hupewa vidonge vya vitamini kwa miaka kadhaa, na wenzao hupewa vidonge vya mfano huohuo visivyo na kitu ndani, kisha makundi hayo mawili hulinganishwa kuona ni lipi lililopata saratani chache. Yale makubwa yamefanyika Marekani na Ulaya. Makala hii inayaeleza kwa jicho la Kericho na Bomet, kaunti za chai za magharibi mwa Kenya. Huko saratani inayosumbua watu zaidi si ya titi bali ya umio, ambayo wenyeji huiita saratani ya koo. Hiyo ina historia yake na vidonge vya vitamini, na historia hiyo inatufunza mengi kuhusu suala la titi.

Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa kwa wingi kuliko saratani nyingine nchini Kenya. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya kuwa karibu 6,800 na vifo karibu 3,100. Kwa hiyo habari kwamba kuna kidonge cha kuizuia hupata wasikilizaji haraka.

Chimbuko la wazo

Mwaka 1980 ndugu wawili wa Kimarekani, Cedric na Frank Garland, waliandika kwamba saratani ya utumbo mpana iliua watu wachache zaidi katika majimbo yenye jua jingi. Walidhani siri ni vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza inapopigwa na jua. Miaka kumi baadaye hoja hiyo ilipanuliwa hadi kwenye titi. Tafiti nyingine zikaja na habari kama hizo kuhusu foliki asidi, vitamini E na betakarotini, ile rangi ya karoti na mboga za majani ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Kasoro ya tafiti za namna hii inaonekana vizuri hukuhuku kwenye chai. Mke wa mwalimu anayenunua chupa ya vitamini katika duka la dawa mjini Kericho hatofautiani na mchuma chai kwa chupa hiyo tu. Huenda mmoja alizaa wawili na mwingine sita. Mmoja alinyonyesha miezi sita kwa kila mtoto, mwingine miaka miwili. Uzazi na kunyonyesha vina uzito wao: uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya tafiti kutoka nchi 30, uligundua kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3, juu ya asilimia 7 inayopunguzwa na kila uzazi. Ukimlinganisha mwenye chupa na asiye nayo bila kuyahesabu hayo, kidonge kinaweza kusifiwa au kulaumiwa kwa jambo ambalo hakikulifanya. Ndiyo maana watafiti hupiga kura: bahati nasibu ndiyo inayoamua nani apewe vitamini, wala mhusika na daktari wake hawaambiwi kilichomo.

Matokeo

Kura zilipopigwa, matumaini mengi yaliporomoka. Jaribio la Marekani la Women's Health Initiative liliwapa wanawake 36,282 waliokwisha koma hedhi ama kalsiamu na vitamini D ama kidonge tupu, na baada ya miaka kama saba saratani za matiti zilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Watetezi wa vitamini D walisema dozi ilikuwa ndogo, yuniti 400 kwa siku, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Jaribio la VITAL likapandisha dozi hadi yuniti 2,000 kwa siku na kuandikisha wanaume na wanawake 25,871, zaidi ya 5,000 kati yao wakiwa Wamarekani weusi. Lilipotangaza matokeo mwaka 2018, wanawake 124 waliomeza vitamini D walikuwa wamepata saratani ya matiti, dhidi ya 122 waliomeza kidonge tupu.

Vitamini E ilijaribiwa kwa wanawake karibu 40,000 wa Marekani, haikusaidia. Foliki asidi pamoja na vitamini B6 na B12 zilijaribiwa kwa wanawake 5,442, nazo hazikusaidia. Milano, Italia, kundi la daktari Umberto Veronesi lilijaribu fenretinidi, dawa iliyoundwa kutokana na vitamini A, kwa wanawake 2,972 waliokwisha tibiwa saratani ya titi moja, ili kulikinga la pili. Kwa jumla haikufua dafu, ingawa wale ambao hawakuwa wamekoma hedhi walionekana kunufaika. Baadhi ya waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na uwezo wa kuona gizani.

Kukosa faida ni jambo dogo ukilinganisha na madhara. Ufini, betakarotini ilipewa wanaume wavutaji sigara, na saratani ya mapafu ikaongezeka kwa asilimia 18. Jaribio jingine la betakarotini, la Marekani, lilisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu hiyohiyo. Vitamini E nayo ilipopewa wanaume kwa dozi kubwa, saratani ya tezi dume ilipanda kwa asilimia 17. Muuzaji anayesema kwamba vitamini “haiwezi kukudhuru, ni chakula tu” hasemi kweli.

Isidhaniwe kwamba hakuna kidonge chochote kinachozuia saratani ya titi. Mwaka 1998 tamoksifeni, dawa inayoziba njia ya homoni ya estrojeni kwenye titi, ilipunguza saratani hiyo karibu kwa nusu katika wanawake zaidi ya 13,000 waliokuwa katika hatari kubwa. Lakini tamoksifeni si vitamini. Hutolewa kwa maagizo ya daktari, na inaweza kuleta damu kuganda mishipani na saratani ya mji wa mimba.

Bomet, Linxian na koo

Hospitali ya Tenwek, hospitali ya kimisheni iliyo karibu na mji wa Bomet, imekuwa ikipokea wagonjwa wa saratani ya umio kwa miongo mingi, wakiwemo vijana wasiozidi miaka 30, jambo lililo nadra sana kwingineko duniani. Wengi hufika wakati hata uji haupiti, na madaktari huwawekea mrija wa waya unaopanua njia ya chakula ili waweze kumeza tena. Mwaka 2016 madaktari wa Tenwek na wenzao walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanakijiji 305 ambao hawakuwa na dalili yoyote. Waliwaingizia kamera kooni na kunyunyiza iodini, ambayo huipaka ngozi yenye afya ya umio rangi ya kahawia na kuyaacha mabaka mabaya bila rangi. Asilimia 14.4 walikutwa na seli zilizoanza kuharibika. Watafiti wametaja vyanzo vingi vinavyoshukiwa: moshi wa jikoni, pombe za chang'aa na busaa, chai inayonywewa ikiwa moto mno, na mursik, maziwa ya kibuyu yanayotiwa mkaa. Hakuna kilichobeba lawama peke yake.

Sehemu inayofanana na Bomet iko Uchina, wilaya ya Linxian katika mkoa wa Henan, ambako saratani ya umio na ya tumbo zimemaliza watu kwa vizazi. Huko, kuanzia mwaka 1986 hadi 1991, watu 29,584 walipewa ama mchanganyiko mbalimbali wa vitamini na madini ama kidonge tupu. Miongoni mwa waliopewa betakarotini, vitamini E na seleniamu, vifo vya saratani vilipungua kwa asilimia 13, hasa vya saratani ya tumbo. Hili ndilo jaribio kubwa ambalo wauzaji wa vitamini hulipenda kulitaja. Wasichokitaja ni kwamba watu wa Linxian wakati huo walikuwa na upungufu wa lishe, hivyo vidonge viliziba pengo lililokuwepo. Tena faida kwenye umio wenyewe haikuwa wazi. Jaribio pacha liliwapa ama vitamini na madini 26 ama kidonge tupu watu 3,318 ambao seli zao za umio zilikuwa zimekwisha kuharibika, kama wale waliokutwa Bomet, na halikuonyesha faida ya maana.

Afrika Mashariki imepata fundisho kama hilo nyumbani. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1995, wajawazito 1,078 wenye VVU walipewa ama vitamini ama kidonge tupu. Mchanganyiko wa vitamini B, C na E ulichelewesha ugonjwa, ilhali vitamini A iliongeza hatari ya mama kumwambukiza mtoto.

Kulifanya jaribio kwenye chai

Je, jaribio la vitamini dhidi ya saratani ya titi lingewezekana huku? Wakazi wa mashamba ya chai wamewahi kufuatiliwa na watafiti. Kati ya 2003 na 2006 taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na Taasisi ya Walter Reed ya jeshi la Marekani waliwafuatilia wafanyakazi wa chai wa Kericho na jamaa zao katika utafiti wa VVU. Mfanyakazi wa shamba anajulikana anakoishi, na zahanati haiko mbali. Ugumu uko kwenye hesabu. Kenya hupata wagonjwa wapya wa saratani ya matiti takriban 40 kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka, umri ukisawazishwa. Ukiandikisha wanawake 10,000 na kuwafuata miaka mitano, utatarajia wagonjwa kama 20 pande zote mbili kwa pamoja, na idadi hiyo haitoshi kuamua lolote. Njia ya mkato ni kupima kwa eksirei kama titi linazidi kuwa na nyama nzito, ambayo ni alama ya hatari. Marekani ilijaribu hivyo kwa vitamini D, yuniti 20,000 kwa wiki kwa mwaka mzima, na uzito wa nyama ya titi haukupungua kuliko kwa waliopewa kidonge tupu.

Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vinavyotolewa kliniki kwa wajawazito, na matone ya vitamini A ya watoto, ni habari nyingine: hivyo vimethibitishwa kwa kazi vilizopewa, na mama asiviache kwa kusoma makala hii. Kwa saratani, jopo la Marekani linaloshauri kuhusu kinga lilipendekeza mwaka 2022 kwamba betakarotini na vitamini E zisitumike kabisa kama kinga. Na mwanamke aliyegusa uvimbe titini asingoje chupa ya vitamini iishe ndipo aende hospitali ya Longisa, Kapkatet, Tenwek au ile ya rufaa ya Kericho. Aende wiki hii.