Kutoka Barazani kwa Mama Trowell Hadi Ukumbi Mkuu wa Makerere

Mwaka 1938, wakazi wa Kampala walikaribishwa kilimani Namirembe, lilipo kanisa kuu la Waanglikana, kutazama kazi za vijana wa Kiafrika. Si mikeka ya kukalia wala vibuyu vya kunywea, vitu ambavyo kila nyumba ilikuwa navyo. Zilikuwa picha na vinyago vilivyotengenezwa ili vitazamwe na kujadiliwa. Aliyeyaandaa maonyesho hayo ni Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea sanaa London katika shule ya Slade, mke wa daktari Hugh Trowell. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameanza kufundisha barazani kwake, bila mshahara wala darasa rasmi.

Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilivuka bahari na kuonyeshwa London, katika Imperial Institute. Masomo yake nayo yakaingizwa Makerere, chuo kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mama huyu hakupenda kuwaonyesha wanafunzi picha za Ulaya. Aliwasimulia kisa, kwa mfano safari, sherehe au habari ya Biblia, kisha akawaacha wachore walichokiona vichwani mwao. Miaka ya vita, hata vitu vya Makumbusho ya Uganda vilihamishiwa kwake Makerere, vikabaki chuoni mpaka makumbusho yalipopata jengo lake Kitante mwaka 1954. Kwa hiyo mwanafunzi wa kuchora alikaa jirani na ngoma, vikapu na mitungi ya mababu zake.

Ajabu ya shule hiyo ya Kampala ni kwamba wengi wa waliovuma mapema hawakuwa Waganda. Gregory Maloba alitoka Mumias, magharibi mwa Kenya. Sam Ntiro wa Machame na Elimo Njau wa Marangu walitoka Uchagani, Tanganyika. Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kusoma sanaa hapo, aliingia mwaka 1950 akitokea Kenya. Ilimbidi angoje hadi mwaka 1990 ndipo kazi zake zionyeshwe Studio Museum ya Harlem, New York. Ntiro hakungoja hivyo. Mchoro wake wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ulinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960, na Tanganyika ilipopata uhuru alitumwa London kuwa balozi. Njau naye alichora kuta za kanisa la Murang'a, na mwaka 1965 akawa mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi.

Sanamu ya Maloba inatazamwa na watu wengi, ingawa wengi wa wanaopita hawalijui jina lake. Ni Mnara wa Uhuru katikati ya Kampala: mwanamke aliyezongwa vitambaa mwilini, akimnyanyua mtoto juu. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, alama ya uhuru huo ilikuwa imetoka mikononi mwa Mkenya. Leo jambo hilo lingezua mjadala bungeni.

Wakati huo Trowell alikuwa amekwisha kuondoka. Cecil Todd, aliyetoka Afrika Kusini, alishika uongozi mwishoni mwa miaka ya 1950 akageuza mambo: historia ya sanaa ya Ulaya ikafundishwa, na kanuni za rangi vilevile. Wapo wanaomlaumu Mama Trowell kwa kuwafungia vijana katika Uafrika aliouwazia yeye, na wapo wanaomlaumu Todd kwa kuwazamisha katika Uzungu. Pande zote mbili zina hoja, lakini Todd angalau aliwaachia wanafunzi wachague wenyewe.

Ubishi wa namna hiyo haukuishia kwenye rangi. Juni 1962, Makerere iliwakusanya waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Chinua Achebe na Wole Soyinka walikuwepo, na Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo bado mwanafunzi wa chuo hicho, alihudhuria pia. Mwezi huohuo mshairi Shaaban Robert alifariki dunia Tanganyika. Hakuwa amealikwa, kwa sababu kazi zake zilikuwa za Kiswahili. Ngũgĩ aliikumbusha dunia jambo hilo miaka mingi baadaye, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Mihadhara ya hadhara ilipata nguvu mpya alipokuja Makerere msomi wa siasa Ali Mazrui wa Mombasa mwaka 1963. Kwake mhadhara ulikuwa pambano. Mwaka 1970 alipambana kwa hoja na Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam. Rodney alisimamia ujamaa, Mazrui akausaili.

Kisha Idi Amin akatwaa utawala wa Uganda. Mwaka 1972 makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alitekwa na hakuonekana tena. Mwaka uliofuata Mazrui aliondoka. Maumivu ya miaka hiyo na ya vita vilivyofuata yamo katika maktaba kuu ya chuo, katika sanamu ya Francis Nnaggenda ya mhanga wa vita, iliyochongwa kwenye gogo la mti: mwili umekatwa, lakini umesimama.

Jengo kuu la Makerere liliungua Septemba 2020, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2024. Ukumbi wa sanaa wa chuo bado unapokea maonyesho. Kinachokosekana ni kazi hizi kusafiri. Watoto wa Mumias, Marangu na Machame wana haki ya kuziona kazi za wazee wao bila kuomba nauli ya kwenda Kampala. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina bajeti ya mikutano kila mwaka; itenge sehemu yake kwa maonyesho ya pamoja yatakayopita Nairobi, Moshi na Dar es Salaam.